Mazungumzo ya Jamaa: Mtu Akianguka Ghafula

Baba mmoja wa jamaa ametuandikia barua akituuliza neno hili: «Mtu asiye mganga wala mwuguzi, akimwona mwenzake ameanguka na moyo wake umesimama, yafaa amkandamize kifua? Au afadhali amwache, asije akaambiwa kwamba yeye ndiye aliyemwua?» Wasomaji wapenzi, ningeweza kumjibu kwa mistari miwili. Lakini lile neno la mwisho la barua yake limenikumbusha siku moja ambayo sipendi kuikumbuka, na kwa ajili hiyo nitajibu kwa urefu zaidi.

Ilikuwa siku ya Jumapili, mwaka 2019, uwanjani pa shule yetu. Vijana wa mtaa wetu walikuwa wakicheza mpira na vijana wa mtaa wa pili. Mwamuzi alikuwa mtu mzima, umri wake yapata miaka 50, baba wa watoto wanne, mtu wa mzaha, tena mwenye mbio kuliko wachezaji wengine. Karibu na mwisho wa nusu ya kwanza alisimama, akashika magoti kama mtu anayetafuta filimbi yake chini, kisha akaanguka kifudifudi. Hakuna aliyemgonga. Tulikimbia wote. Wa kwanza alimmwagia maji. Wa pili alileta kitunguu kilichopasuliwa, akampa anuse. Wa tatu alipiga kelele, «Ni kifafa, msimguse!» Na mzee mmoja aliyeinama karibu na kinywa chake akatutuliza, akisema, «Yu hai huyu, hamsikii anakoroma?» Kweli alikuwa akikoroma: mkoromo mmoja, halafu kimya kirefu, halafu mkoromo mwingine. Basi tukangoja aamke.

Dakika tatu zilipita hivyo, pengine nne. Mimi nilikuwa nimesoma zamani kijitabu cha msaada wa kwanza. Nikapiga magoti, nikaweka mikono kifuani pake, nikasukuma. Lakini nilisukuma kama mama abonyezaye embe sokoni kuona kama limeiva. Mama mmoja nyuma yangu akasema, «Mwalimu, taratibu, utamvunja mbavu!» Nami nikamtii. Nikasukuma taratibu zaidi, tena kila mara niliacha, nikatega sikio kifuani, nikaanza upya. Mwishoni vijana walimpakia juu ya pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati, kichwa kikining'inia, wakaenda naye hospitalini. Walipofika alikuwa amekwisha kufa.

Siku ya tatu ya matanga mjane wake aliniita pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, «Mwalimu, watu wanasema wewe ulimkandamiza kifua. Je, si hiyo iliyommaliza?» Nikamjibu, «Hapana, Mama. Mikono yangu haikumwua.» Akaitika, akanishukuru, tukaachana. Nilimwambia kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli. Nusu ya pili ni hii: mikono yangu haikumwua, wala haikumsaidia neno lo lote. Pengine hata mikono ya mjuzi isingemrudisha. Lakini yangu haikujaribu kwa haki.

Tangu siku ile nimesoma mengi juu ya jambo hili, na nimewauliza waganga. Haya ndiyo niliyoyapata.

Moyo ni kama mvukuto wa mhunzi. Mhunzi akiacha kuvukuta, makaa hayazimiki mara ile ile. Bado yana moto wake kidogo. Vivyo hivyo mtu mzima aliyeanguka ghafula bado ana hewa katika damu yake kwa dakika kadhaa; kinachokosekana ni mwendo wa damu hiyo. Lakini baada ya dakika nne au tano hivi bila damu, ubongo huanza kuharibika, na ubongo ulioharibika hauwashwi tena kama makaa. Kukandamiza kifua ndiko kuvukuta kwa mikono mahali pa moyo. Sasa angalieni neno hili, maana ndilo lililonishtua: hata mjuzi asukumapo ilivyo sawa, hupata robo tu, au labda theluthi, ya damu ambayo moyo wenyewe husukuma. Robo hiyo yatosha kuulinda ubongo kwa muda. Lakini robo ya robo haitoshi kitu. Basi anayesukuma kwa woga hayuko katikati, kati ya mwenye kusaidia na mwenye kusimama akitazama. Yuko karibu sana na huyo anayetazama.

Njia hii ni changa kuliko watu wanavyodhani. Hapo zamani, moyo wa mgonjwa ukisimama hospitalini, mganga alipasua kifua akaubinya moyo kwa mkono wake. Mwezi wa Julai 1960, nchi yetu ikiwa katika juma lake la pili la uhuru, watu watatu wa Baltimore, huko Marekani, walichapisha habari ya njia mpya. Mmoja alikuwa William Kouwenhoven, naye hakuwa mganga, bali injinia wa umeme. Wa pili Guy Knickerbocker, injinia kijana. Wa tatu James Jude, mganga wa kupasua. Huyo Knickerbocker, alipokuwa akijaribu juu ya mbwa mashine ya kushtua moyo kwa umeme, aliona ya kwamba kule kubana tu vile vyuma juu ya kifua, hata kabla ya umeme, kulipandisha nguvu ya damu mwilini. Walieleza habari za wagonjwa 20, na kati yao 14 walipona. Wagonjwa hao walikuwa hospitalini, mikononi mwa wajuzi. Barabarani na nyumbani hesabu ni ndogo mno kuliko hiyo. Walakini walionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitazamia, kwamba chombo kinachohitajiwa ni mikono miwili ya mtu ye yote.

Tangu hapo shida imekuwa nyingine. Mikono ipo, lakini inaogopa. Katika eneo la Seattle, huko huko Marekani, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, mtu apigaye simu kuomba gari la wagonjwa huelezwa papo hapo, kwa simu, namna ya kusukuma kifua. Wale wenye kujibu simu walipata kujua kwamba maneno yenyewe yana uzito. Mwaka 2008 Wamarekani walichapisha habari za jaribio walilofanya kwa kutumia sanamu ya mtu. Watu wasiofundishwa waligawanywa: wengine waliambiwa wasukume kwa kipimo fulani, wengine waliambiwa tu, «Sukuma kwa nguvu zako zote.» Hawa wa pili walisukuma kwa kina zaidi. Lakini hata wao, kwa wastani, hawakufikia sentimeta 5 zinazotakiwa leo. Kwa hiyo, ewe mama uliyekuwa nyuma yangu uwanjani, nawe wala sikulaumu, lile neno lako «taratibu» lilikuwa neno baya kuliko yote ambayo ungeweza kuniambia.

Mbavu zaweza kuvunjika, ndiyo. Huvunjika mara nyingi, hata mikononi mwa waganga. Ubavu uliovunjika hupona kwa majuma kadhaa. Na kama umekosea, na moyo haukuwa umesimama? Mtu huyo atajikunyata, atalia, atausukuma mkono wako, nawe utaacha. Waliochunguza jambo hili wanasema madhara makubwa katika hali hiyo ni ya nadra. Kosa la kumwacha mtu ambaye moyo wake umesimama halina marekebisho.

Sasa namna ya kufanya. Mwite mtu kwa sauti, mtikise mabega. Asipojibu, tazama kifua chake. Kama hapumui, au kama anakoroma mara moja moja kwa kukatika, kama samaki aliyetolewa majini, usidanganyike kama tulivyodanganyika sisi: mkoromo ule si pumzi, ni alama ya moyo uliosimama, nao huonekana mara nyingi katika dakika za kwanza. Mwenye kifafa hutetemeka, halafu hupumua kwa uzito lakini kwa mfululizo. Huyo mlaze ubavu, umngoje. Aliyeanguka bila pumzi ya sawa, mlaze chali mahali pagumu, si juu ya kitanda wala godoro. Mmoja atume watu kutafuta gari na mganga. Wewe piga magoti ubavuni pake. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kati, weka mkono wa pili juu ya wa kwanza, nyosha viwiko, mabega yako yawe juu ya mikono yako, na usukume kwa uzito wa mwili, si kwa nguvu za mikono tu. Kifua cha mtu mzima sharti kishuke sentimeta 5 hadi 6, yaani yapata upana wa vidole vyako vitatu. Utaona ni kingi. Ndivyo kilivyo.

Mwendo wake ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mbili kwa kila nukta ya saa. Wazungu hufundishana kwa nyimbo zao. Mimi nimeona ya kuwa hesabu yetu yatosha, maana kutoka moja hadi kumi kila neno ni fupi, nalo huchukua msukumo mmoja: moja, mbili, tatu, nne. Ukifika kumi usiendelee na kumi na moja, kwani neno limekuwa refu na mkono utachelewa. Rudi kwenye moja. Makumi matatu ni 30, nayo hayapiti nukta 18.

Neno jingine ambalo wanaume hulisahau na wanawake hulijua. Mama atwangaye sombe kinuni hauachi mchi chini. Huuinua mpaka juu ndipo aushushe tena. Kifua nacho sharti kiinuke chote baada ya kila msukumo, ili moyo upate kujaa damu. Anayeuegemeza uzito wake juu ya kifua, hata kidogo, anautwanga moyo usio na kitu ndani. Wala usisimame-simame kusikiliza kama nilivyofanya mimi. Nguvu ya damu hujengeka polepole, msukumo baada ya msukumo. Ukiacha, yote huanguka mara moja, na sharti uijenge upya tangu mwanzo. Tena mtu huchoka upesi kuliko anavyojua. Baada ya dakika moja au mbili misukumo huanza kupungua kina, na mwenyewe haoni. Kwa hiyo pokezaneni kila dakika mbili, yule wa pili akiwa amekwisha kupiga magoti upande wa pili, mikono tayari.

Labda msomaji atasema: Hayo ni ya nchi zenye magari ya wagonjwa na mashine za umeme. Ni neno la haki, nami sitalikwepa. Mnakumbuka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyecheza mpira Uingereza. Tarehe 17 Machi 2012, akiwa na miaka 23, alianguka uwanjani London katika mchezo wa Bolton na Tottenham. Mganga wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuwa amekuja kutazama mpira tu, alishuka kutoka viti vya watazamaji akaenda kusaidia. Moyo wa Muamba haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Muda huo wote watu waliendelea kumsukuma kifua, wakamshtua kwa umeme mara nyingi, wakampa dawa. Naye yu hai, ingawa mpira aliuacha mwaka ule ule. Mikono peke yake isingemponya. Lakini mashine nayo ingekuta ubongo uliokufa, kama mikono isingekuwapo. Inasemwa kwamba kila dakika inayopita bila msaada wo wote hupunguza tumaini la kupona kwa 7 hadi 10 kwa mia.

Tazama pia Denmark. Mwaka 2005 serikali yao iliagiza jambo hili lifundishwe katika shule za msingi, na mwaka uliofuata kwa kila atakaye leseni ya gari. Mwaka 2001, kati ya watu 100 walioangukiwa na tukio hili nje ya hospitali, 21 walisaidiwa na mikono ya waliokuwa karibu. Mwaka 2010 walikuwa karibu 45. Waliokuwa bado hai baada ya siku 30 walitoka 3 na nusu kwa mia hadi karibu 11 kwa mia. Si mikono peke yake iliyoleta hayo, maana hospitali zao nazo ziliendelea. Hata hivyo kati ya watu 100 bado 89 walikufa. Nayasema haya ili pasiwe na mtu anayedhani nauza dawa ya kufufua.

Kwetu, penye safari ya saa mbili hadi hospitali, mzee ambaye moyo wake umeshindwa kwa ugonjwa mara nyingi hatarudi, hata tukisukuma vizuri. Hiyo ni kweli chungu. Lakini kuna watu wengine, nao ni wengi kwetu kuliko Denmark: mtoto aliyetolewa majini, mchungaji aliyepigwa na radi, kijana aliyeshikwa na waya wa umeme. Hawa mara nyingi moyo wao ulikuwa mzima. Umesimama kwa kukosa hewa au kwa mshtuko, nao waweza kuondoka tena bila mashine yo yote. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli ilizama katika Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ukingoni. Kila mtu anayeishi kando ya maziwa yetu amewahi kuona mwili ukiwekwa juu ya mchanga, na watu wakiuzunguka mikono kichwani.

Kwa hao wa majini na kwa watoto, kusukuma tu hakutoshi. Damu yao imekwisha kumaliza hewa, kwa hiyo sharti wapewe pumzi kwanza. Inua kidevu ili kichwa kiende nyuma kidogo, ziba pua, funika kinywa chake kwa kinywa chako, pulizia mpaka uone kifua kinapanda. Mpe pumzi tano za kwanza, kisha sukuma mara 30, kisha pumzi mbili, na kuendelea hivyo. Mtoto mdogo sana, kinywa chako kifunike kinywa na pua yake pamoja, na upulize pumzi ya shavuni tu; kifua chake kizungushie mikono yako miwili, usukume kwa vidole gumba viwili mpaka theluthi ya unene wa kifua. Usimning'inize miguu juu, wala usimkamue tumbo kutoa maji. Hayo hula dakika, na huleta matapishi yanayoingia mapafuni.

Aliyepigwa na radi, mguse bila woga. Umeme haumo tena mwilini mwake, wala hakuna uchawi unaorukia mkono wa msaidizi. Radi ikiangusha wengi pamoja, anza na yule anayeonekana amekufa, kwa maana anayelia na kuugua atangoja. Mara nyingine moyo wake umeanza tena wenyewe na pumzi peke yake ndiyo inayokosekana. Bali aliyeshikwa na waya, usimguse kabla umeme haujakatwa, tusije tukazika wawili.

Na mahali ambapo serikali imetangaza Ebola, kama ilivyokuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri toka 2018 hata 2020, usimtie mgeni kinywa wala mkono. Waachie watu wa afya wenye mavazi yao. Mahali pengine, asiyependa kuweka kinywa chake kwa mtu mzima asiyemjua, na asukume kifua tu, asukume kweli.

Narudi kwa baba aliyeandika. Woga wake wa kusingiziwa si upuuzi. Mimi niliulizwa machoni. Shauri langu ni hili: unapoanza, sema kwa sauti mbele ya watu wote, «Baba huyu hapumui, moyo umesimama, nasukuma kuusaidia.» Mwite ndugu yake kwa jina, apige magoti upande wa pili, umfundishe hapo hapo akupokee. Aliyesukuma naye hatakushtaki. Tena zungumzeni nyumbani kabla ya siku hiyo, baba, mama na watoto wakubwa, ili mtu asije akasikia habari ya kukandamiza kifua kwa mara ya kwanza matangani.

Darasani kwetu tunajizoeza kila mwisho wa mwezi juu ya mfuko wa shule uliojazwa nguo kwa kubanwa sana. Mfuko haufundishi kina sawasawa, lakini hufundisha viwiko, hesabu na kupokezana. Wavulana huanza kwa kishindo, na kabla ya dakika ya pili wamelegea. Mwezi uliopita msichana mmoja wa darasa la sita alimaliza dakika tatu bila kupunguza mwendo. Nilipomwuliza amejifunza wapi, aliona swali langu ni la ajabu. Akasema, «Lakini Mwalimu, mimi natwanga kila siku.»

Juma lijalo tutamjibu mama aliyeuliza juu ya mtoto aliyekabwa na punje ya karanga.